Mugambi Ambaye Hakusajiliwa

Vijana, mimi ni mtu wa kushangaa. Nawaambia mapema ili mtu asije akasema baadaye kwamba mzee Murithi ametia chumvi. Niliandika programu za kompyuta tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nilipostaafu na kurudi hapa Kiirua kulima viazi, na katika muda huo wote sikuwahi kuzoea. Wenzangu walizoea. Walibonyeza kitufe, kitu kikatokea, wakaenda zao kunywa chai. Mimi nilibaki nimeduwaa mbele ya kioo cha kompyuta, mpaka mwenzangu Kinoti ananiambia, "Murithi, funga mdomo, nzi wataingia."

Juzi mjukuu wangu, ambaye naye anaandika programu, aliniuliza tulikuwa tunashangaa nini miaka ile ya tisini na kompyuta zenyewe zilikuwa nzito kama jiko la mawe. Nikamwambia akae chini. Na ninyi kaeni.

Ofisi yetu ilikuwa Kinoru, mjini Meru, ghorofani, karibu na uwanja wa mpira. Timu ya nyumbani ikifunga bao, madirisha yalitetemeka na sisi tukapoteza hesabu. Mwenye ofisi alikuwa Mwalimu Karimi, mama aliyefundisha hisabati shule za sekondari kabla ya kuingia kwenye kompyuta, na ualimu haukumtoka. Alitundika ubao mweusi ukutani. Ukimwendea na tatizo alikupa chaki kwanza. "Kama huwezi kunichorea hapa," alisema, "usiguse hiyo kibodi, utaiumiza bure." Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi na Kinoti, kijana mrefu wa Igembe mwenye sauti nzito na ubishi wa kuuza.

Jambo la kwanza Mwalimu Karimi alilonifundisha, na ambalo lilinitoa usingizini, ni vijenzi. Kijenzi ni kipande cha programu kilichofungiwa ndani ya faili lake. Kinajua kazi yake. Programu nyingine yoyote inaweza kukiita kiifanyie kazi hiyo, bila kujua ndani kimeandikwaje. Siku ya kwanza programu yangu ilipokiita kijenzi alichokiandika Kinoti, kwa lugha nyingine kabisa ya kompyuta ambayo mimi sikuijua, na vikaelewana, nilisimama kutoka kwenye kiti. Mimi na Kinoti wenyewe tulikuwa hatuelewani hata juu ya nani anunue maziwa ya chai! Lakini kazi zetu zilisalimiana na kusaidiana ndani ya mashine. Niliona ni jambo kubwa, na mpaka leo naliona ni kubwa.

Sasa, programu inakipataje kijenzi? Hapa sikilizeni vizuri, maana kisa chote kimekaa hapa. Kila kijenzi kina kitambulisho, nambari ndefu ya tarakimu na herufi, inayotolewa na chombo maalumu kwa namna ambayo haitegemewi kutokea tena popote duniani. Ukikiweka kijenzi kwenye kompyuta unakisajili: kitambulisho chake kinaandikwa kwenye rejista ya mfumo, pamoja na mahali faili lake lilipo. Programu ikikihitaji, inauambia mfumo, "Nataka mwenye kitambulisho hiki." Mfumo unaangalia rejista, unalifungua faili, unamleta anayetakiwa. Ni kama kwenda kwa chifu kuulizia nyumba ya mtu.

Na kwa kuwa rejista ina mstari mmoja tu kwa kila kitambulisho, wawili wakijiandikisha kwa kitambulisho kimoja, wa mwisho ndiye anayebaki. Yule wa kwanza faili lake lipo, zima kabisa, lakini hakuna anayemjua tena.

Basi tukatengeneza kijenzi cha kusema. Tulikiita Mugambi, jina la kiume la kwetu Meru ambalo maana yake ni msemaji. Kazi yake ilikuwa kuwaita watu waliopanga foleni kwenye ofisi. Sauti ilikuwa ya Kinoti. Tulimfunika blanketi mbili ili kelele za uwanjani zisiingie, akatamka silabi moja moja kwenye kipaza sauti huku jasho likimtoka. Kiswahili kina huruma kwa kazi hiyo, kwa sababu kila silabi husomwa ilivyoandikwa. Ukizipata zote unaweza kuunda neno lolote. Shida ni kwamba Kinoti ni Mmeru wa kweli. Mugambi akatoka akisema "Nambari saba, ndirisha la tatu." Mwalimu alitaka arudie kurekodi. Kinoti akakataa katakata.

"Mwalimu, hiyo ndio dirisha ya kwetu," alisema. "Kama wanataka ya Mombasa waende Mombasa."

Shirika moja lenye ofisi ya mkoa huko Embu lilimchukua Mugambi, na watu wa makao yao makuu Nairobi wakamsajili wenyewe kwenye kompyuta zote za ofisi ile. Halafu wakazifunga. Kompyuta za aina ile zilikuwa na ruhusa: ungeweza kuandika kwenye folda zako, lakini rejista ya mfumo hukuigusa bila neno la siri, na neno la siri lilikaa Nairobi. Walifanya vizuri. Mtu wa ofisini akiachiwa rejista anaweza kuua mashine kwa udadisi tu.

Kazi iliyofuata tuliletewa na Bi. Rwamba.

Bi. Rwamba alikuwa opareta wa simu wa ofisi ile. Alikuwa haoni tangu utotoni. Alikaa kwenye chumba kidogo karibu na mapokezi na suichibodi yake, akiwa na vipokea sauti masikioni na kando yake sanduku la kadi zenye nukta za breli, kadi moja kwa kila mfanyakazi. Ukipiga simu ukamtaja mtu, vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye kadi kabla hujamaliza jina. Nyumbani kwake kulikuwa mtaa wa Majimbo, na kila asubuhi alitembea mwenyewe na fimbo yake hadi kazini, akiwasalimu watu kwa miguu yao. Namaanisha alizitambua hatua zao. Siku ya kwanza nilipoingia pale na Mwalimu, alisema, "Karibuni. Mama anatembea kama mwalimu, na huyu mwanamume viatu vimembana." Na kweli vilikuwa vimenibana.

Nairobi waliamua kadi ziondolewe. Orodha ya simu ingekuwa ndani ya kompyuta, na watu wangebadilishwa ofisi na nambari kila mara bila mtu kuchapa kadi mpya. Meneja wa pale, Bwana Njiru, alituita akatueleza mbele ya Bi. Rwamba mwenyewe, na nilimheshimu kwa kutomsengenya nyuma ya mlango.

"Mama Rwamba, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini hiyo orodha ikianza Jumatatu ijayo, lazima opareta aweze kuitumia. Kama haiwezekani, Nairobi wamesema wataleta mtu mwingine, na wewe upumzishwe."

"Nipumzike nini, na sijachoka?" Bi. Rwamba alijibu. "Hii kiti mimi ndio nimeikalia mpaka ikajua umbo langu."

Halafu akageuza uso upande wetu. "Nasikia hapo nje kwa foleni kuna kompyuta inaongea. Hiyo ya kwangu haiwezi kuongea?"

Mwalimu alimshika mkono. Alisema itaongea.

Tulirudi Meru na kazi ikagawanywa. Mimi niliandika programu ya orodha: opareta anachapa herufi za mwanzo za jina, programu inamtafuta. Kinoti akaandika Mugambi mpya, anayesoma maandishi yoyote ya Kiswahili, si foleni tu. Tulifanya kazi kwa haraka na kwa raha. Alipokamilika alisoma ukurasa mzima, na mimi, kama kawaida yangu, nikaachama.

Tukaenda Embu kumjaribu, sisi wawili na Mwalimu. Bi. Rwamba akavaa vipokea sauti, sisi tukaunganisha spika ndogo ili tusikie. Akachapa herufi za Njeru, karani wa masijala, ambaye simu yake ilikuwa nne mbili. Tukangoja. Mugambi akasema kwa sauti nzito:

"Nambari nne, ndirisha la pili."

Bi. Rwamba alicheka mpaka akavua vipokea sauti. "Ai! Ananituma dirishani! Mimi nataka Njeru!" Akachapa jina lingine, akatumwa dirisha lingine. Alicheka tena, lakini mara hii kicheko kilikatika katikati. Aliweka mikono mapajani.

Mwalimu alimgeukia Kinoti polepole. "Kinoti. Huyu mpya ulimpa kitambulisho gani?"

"Kile cha yule wa kwanza."

"Kwa nini?"

Kinoti alionekana kushangaa kwamba anaulizwa. "Mwalimu, si ni mjukuu? Amezaliwa kwa yule. Mtoto anabeba jina ya babu yake. Hiyo si makosa, hiyo ni heshima."

Vijana, msimcheke. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na kwenye boma moja utakuta Kinoti watatu, na wote wakiitika ni furaha. Kinoti aliona kijenzi kipya ni damu ya kile cha zamani, akampa wajina wake kila kitu.

"Wewe umeitwa Kinoti kwa babu yako," alisema Mwalimu. "Sawa?"

"Sawa."

"Je, mnatumia kipande kimoja cha kitambulisho?"

Kinoti alifungua mdomo, akaufunga. Nilitamani kumwambia kuhusu nzi.

Ndivyo ilivyokuwa. Kinoru tulikuwa tumemsajili mjukuu juu ya babu, lakini Embu tulikuwa tumenakili faili lake tu. Programu yangu ilipomwomba mwenye kitambulisho kile, mfumo uliangalia rejista ukamkuta babu, aliyesajiliwa na Nairobi, ukamleta babu. Babu hajui orodha ya simu. Yeye aliokota tarakimu mbili, nne na mbili, akaita foleni kama alivyozoea. Kumpa mjukuu kitambulisho chake mwenyewe ilikuwa kazi ya dakika chache. Lakini hata na kitambulisho kipya, lazima asajiliwe, na rejista imefungwa. Bwana Njiru alipiga simu Nairobi mbele yetu. Akajibiwa kwamba mtu mwenye neno la siri yuko safarini, atafika Embu baadaye, baada ya Jumatatu. Wakaongeza kwamba kama kitu chochote cha pale kitaharibika, hasa foleni, sisi watu wa Meru tusirudi tena.

Tulipotoka, Bi. Rwamba alisema jambo ambalo lilinichoma. "Msijisumbue sana, watoto wangu. Mmenifanya nicheke." Alikuwa anatufariji sisi, na kiti ni chake.

Njiani kurudi tulipita Chuka. Kinoti alikaa amekunja mikono kama mtu aliyefiwa. Mwalimu akaanza kuongea kama mtu anayejisemea.

"Chifu anatusaidia nini hasa? Anatuambia nyumba iko wapi. Lakini sisi tunajua nyumba iko wapi. Tumeijenga sisi. Kwa nini twende kwa chifu?"

Tulipofika Kinoru alienda moja kwa moja kwenye ubao, hata koti hakuvua. Akachora, na mimi nilihisi nywele zikinisimama. Kwa sababu alichotuonyesha ni kwamba rejista, ile tuliyoiogopa na kuipigia magoti, ilikuwa kibao cha kuonyesha njia tu. Uhai wa kijenzi hauko kwenye rejista. Uko kwenye faili. Kila faili la kijenzi lina mlango mmoja unaojulikana, jina lake DllGetClassObject, na mfumo wenyewe ukishasoma rejista huenda kubisha kwenye mlango huo huo. Hakuna mlango wa siri wa wakubwa. Anaobisha mfumo, unaweza kubisha wewe.

Basi unafanya hivi. Unalifungua faili mwenyewe kwa amri ya LoadLibrary, na unalitaja kwa njia yake kamili, folda hadi folda, kwa sababu ukitaja jina tupu mfumo unaweza kukuletea faili jingine lenye jina hilo hilo. Unautafuta ule mlango. Ukiupata unabisha, unasema, nipe kiwanda cha vitu hivi. Mlango unakupa kiwanda. Unakiambia kiwanda, nizalie kimoja. Kinakuzalia. Na kile unachopata mkononi ni kijenzi kamili, kinafanya kazi zake zote, hakina tofauti yoyote na kilicholetwa na chifu.

Niliandika hatua hizo Mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu, na kabla ya kujaribu tukamfuta mjukuu kwenye rejista yetu. Mjukuu akasema, "Njeru, masijala, nne mbili." Hakuwa ameandikwa popote kwenye mashine ile. Mfumo mzima haukujua kwamba yupo. Nikasema kwa sauti, "Mungu wangu." Kinoti hakuniambia nifunge mdomo. Wake ulikuwa wazi pia.

Halafu programu ikafa. Ilisema jina la kwanza vizuri, tukauliza la pili, kioo kikaganda. Kinoti ndiye aliyegundua, na hapo alianza kurudiwa na rangi. Mimi nilikuwa nimelifunga faili baada ya kumpata Mugambi, nikidhani kazi yake imekwisha. Nilikuwa nimebomoa nyumba mtu akiwa ndani. Mfumo ukikuletea kijenzi, unakulindia faili lake. Ukijiletea mwenyewe, ulinzi ni wako. Kwa hiyo shikeni hili: faili libaki wazi mpaka kila mliyemzaa kutoka humo ameachiliwa, na kila anayemshika aseme anamshika, anayemwachia aseme amemwachia. Na msimpitishe kwa programu nyingine nje ya programu iliyomzaa, maana huko njiani mfumo utataka mkalimani, na mkalimani huyo anatafutwa kwenye rejista tena. Mwacheni afanye kazi nyumbani kwake.

Jumamosi tulirudi Embu tukiwa na furaha ya kupitiliza. Tulibeba na kompyuta yetu nzima kwenye kiti cha nyuma, imefungwa blanketi zile zile za Kinoti, kwa sababu Mwalimu hakuamini furaha. Tukanakili folda yetu kwenye mashine ya Bi. Rwamba. Akachapa Njeru.

"Njeru. Masijala." Kimya.

Akachapa jina lingine. Jina, idara, kimya.

"Nambari amekula," alisema Bi. Rwamba.

Mimi nilikuwa tayari kulia. Kule Kinoru Mugambi alikuwa anasema kila kitu! Nilikagua folda, nilikagua faili, vyote vilikuwa sawasawa. Bwana Njiru, aliyekuja kwa hiari yake siku ya mapumziko, alisimama mlangoni akajikuna kidevu. "Sasa Jumatatu nitawaambia nini watu wa Nairobi?"

"Kompyuta yetu inatudanganya," Mwalimu alisema. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akafumba macho kama anavyofanya akikokotoa. "Kinoti, huyu mjukuu akifika kwenye tarakimu, anazisomaje?"

Kinoti akajipiga paji la uso. Mugambi mpya alikuwa na msaidizi wake, kijenzi kingine kidogo tulichokiita Hesabu, kilichogeuza tarakimu kuwa maneno. Mugambi mwenyewe, huko ndani, alikuwa anamtafuta Hesabu kwa njia ya zamani, kwenye rejista. Kwenye kompyuta yetu Hesabu alisajiliwa siku nyingi na tulishasahau, kwa hiyo kule alipatikana. Embu hakuna aliyemjua. Sisi tulikuwa tumemkwepa chifu mlangoni, na Mugambi akaenda kwake kupitia uani.

Tangu siku ile sijaamini programu iliyojaribiwa kwenye mashine ya aliyeiandika. Mashine yako imejaa mambo uliyoyaweka ukayasahau. Ichukueni kazi yenu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwaona, na huko ndiko mtaujua ukweli.

"Tufanyeje, tumfundishe Mugambi kubisha mlango wa Hesabu?" niliuliza.

"Ya nini kumtuma?" Mwalimu alisema. "Mzaeni Hesabu wenyewe kama mlivyomzaa Mugambi, halafu mwekeeni Mugambi mkononi."

Tukafungua blanketi, tukawasha kompyuta yetu pale pale sakafuni. Kinoti akaandika, mimi nikaandika. Bi. Rwamba alitutengenezea chai kwenye jiko dogo la umeme bila kumwaga hata tone, akatuwekea vikombe mkononi, kila mtu chake. Tulipomaliza tukanakili tena. Akachapa.

"Njeru, masijala, nne mbili."

Bi. Rwamba alichapa jina lingine, na lingine, akiitikia kwa kichwa kila jibu, na nikaona anayafananisha na yale aliyoyajua kwa vidole.

Jumatatu Bwana Njiru alifanya mtihani kwa haki. Kwanza alifungua programu ya foleni kwenye mashine ile ile ya Bi. Rwamba, kwa sababu ya lile onyo la Nairobi. Babu akanguruma, "Nambari kumi, ndirisha la kwanza." Hakuguswa hata unywele. Bila kuifunga, akamwambia Bi. Rwamba afungue orodha. Halafu akaenda ofisini kwake, akaanza kupiga simu, akiomba hata watu waliohamishwa juzi, ambao kadi zao hazikuwahi kuchapwa. Bi. Rwamba alimuunganisha na kila mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikimsikia mjukuu sikioni mwake na babu kwenye spika, Mugambi wawili wenye kitambulisho kimoja kwenye mashine moja, kila mmoja akijibu nyumba yake, hakuna anayemfuta mwenzake. Mwalimu tulimwahidi kumpa mjukuu kitambulisho chake kipya, na tulifanya hivyo baadaye, kwa sababu ndio usafi wa kazi. Lakini siku ile walikuwa bado wajina kamili, na mwili ulinisisimka. Naona hata sasa ninapowaambia unasisimka. Nilikuwa nimeamini kwamba kitu kisipoandikwa na wakubwa hakipo. Na hapa kilikuwepo, kinasema.

Bwana Njiru alirudi. Alisimama mbele ya meza, akasahau kwamba anayemtazama haoni, akatabasamu tu. Ikabidi akohoe.

"Mama," alisema, "kaa kwa kiti yako. Nitawaambia Nairobi wasilete mtu."

"Asante," alisema Bi. Rwamba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyepewa chumvi mezani. Lakini mkono wake ulitafuta mkono wa Mwalimu, ukaukamata, ukakaa hapo.

Tulianza kukusanya nyaya zetu. Kinoti alikuwa ameshabeba blanketi begani Bi. Rwamba aliposema, "Wewe wa sauti nzito. Huyu anasoma majina peke yake, ama anasoma chochote?"

"Chochote, mama. Bora tu kiwe Kiswahili."

"Hata kitu sijaandikiwa? Kitu nimeandika mimi?"

Nikamfungulia ukurasa mtupu, nikamwonyesha kitufe cha kusomewa. Sikuelewa bado. Yeye akanieleza huku akipangusa vidole kwenye sketi. Shuleni, pamoja na simu, walimfundisha kupiga taipu. Miaka yote ile ofisini, simu zikitulia, aliletewa barua za kuchapa, na alichapa haraka kuliko wengi. Lakini karatasi ikitoka mashineni ilichukuliwa na mwenye macho, akaambiwa ni sawa au si sawa. Mistari aliyochapa maishani ingejaza nyumba, na hakuwahi kusoma hata mmoja.

Akachapa sentensi, akabonyeza. Mugambi akasoma, "Mimi Rwamba ninafanya kasi hapa."

Alishtuka. Akainamisha kichwa, akabonyeza tena, akasikiliza tena. "Nimekosea," alisema. Sijawahi kumsikia mtu akisema neno hilo kwa furaha kama ile. "Mwalimu, umesikia? Nimeandika kasi! Nimekosea, na hakuna mtu ameniambia!"

Akarudi nyuma herufi kwa herufi, akafuta, akaandika kazi, akabonyeza. Mugambi akasoma sawasawa. Machozi yakaanza kumtoka wala hakuyafuta, maana vidole vilikuwa vimeshaanza mstari wa pili.

Suichibodi ikaita. Sisi sote tulimtazama, kwa sababu katika ofisi ile hakuna aliyewahi kusikia simu ikiita zaidi ya mara moja kabla Bi. Rwamba hajaichukua. Ikaita tena. Akanyoosha mkono mmoja upande wa simu bila kuigusa, mwingine ukabaki kwenye kibodi.

"Ngoja kidogo," aliiambia simu. "Ninasoma."